Nabii Alilala, Nabii Alikula
Somo kwa wanafunzi wa sekondari na kwa wazazi wao



Kila mwaka, mvua zikiisha na baridi ikianza kuingia Lubumbashi, tunaona jambo moja katika makusanyiko yetu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wale tunaowaita mafinaliste, wanaletwa mbele ili waombewe kwa ajili ya Mtihani wa Serikali, yaani Examen d'État. Wanakuja na kalamu zao mkononi. Tunawaombea, na ni vema. Lakini tukiwatazama usoni tunaona macho mekundu na midomo mikavu. Kijana amefunga siku tatu. Usiku wa Ijumaa amekesha katika maombi, usiku wa Jumamosi amekesha juu ya kaye zake. Siku ya Bwana anasinzia kanisani, Jumatatu anasinzia kalasini. Kisha matokeo yakitoka mabaya, jamaa wanaanza kuuliza nyumbani: ni nani amemfunga mtoto huyu?

Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia somo hili. Neno letu ni moja: maombi hayachukui nafasi ya usingizi, wala ya chakula, wala ya saa za kusoma. Mungu aliyetupa roho ndiye aliyetupa na mwili, na mwanafunzi anafanya kazi yake kwa mwili huo.

1. TUJIFUNZE KWA NABII ELIYA

Sisi ni watu tunaowaheshimu manabii. Basi tufungue 1 Wafalme sura ya 19. Eliya alikuwa ametoka katika kazi kubwa ya mlima Karmeli. Yezebeli akatishia kumwua, naye akakimbia jangwani mwendo wa siku moja. Akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai, kwa sababu alikuwa amechoka kabisa. Halafu akalala usingizi.

Angalieni sasa utaratibu wa Mungu. Hakumtumia kwanza mahubiri. Hakumkemea kwamba hana imani. Hakumwambia aongeze siku za kufunga. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu. Baada ya hayo ndipo nabii akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu.

Usingizi na chakula vilitangulia, safari ikafuata. Ikiwa nabii mkubwa kama huyu alihitaji kulala mara mbili na kula mara mbili kabla ya safari yake, mtoto wa miaka 17 au 18 atawezaje kuingia katika mtihani bila kulala wala kula?

Hatusemi kwamba kufunga ni kubaya. Kufunga kuna wakati wake na watu wake. Tunachosema ni hiki: katika majuma ya mtihani, tufunge sisi wakubwa kwa ajili yao, nao wale. Baba na afunge, mama na afunge, wazee wa kanisa na wafunge. Mwanafunzi apewe sahani yake. Mzigo huo tunaweza kuubeba kwa niaba yake. Mtihani wenyewe hatuwezi kuuandika kwa niaba yake.

2. MTIHANI HUU NI NINI?

Wazazi wengine wanausikia tu kwa jina, basi tueleze. Examen d'État ilianza katika nchi yetu mwaka 1967. Ni mtihani mmoja kwa nchi nzima, na anayeushinda anapata Diploma ya Serikali, ambayo bila hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki. Kwanza kuna sehemu ya mapema inayoitwa hors-session, yenye insha ya Kifaransa na majaribio mengine ya kusema na ya vitendo. Baadaye kuna session ordinaire yenyewe, siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya option aliyochagua mwanafunzi. Anayefikia 50% amefaulu, na asilimia yake inaandikwa juu ya diploma.

Mnaona, basi. Siku nne haziwezi kubebwa na usiku mmoja wa kukesha. Mtihani huu unapima miaka mingi ya kuketi juu ya benchi. Kalamu iliyoombewa haitaandika jibu ambalo mwenyewe hakulijifunza. Tunapoiombea kalamu, tunamwomba Mungu amkumbushe mtoto yale aliyosoma. Kama hakusoma, akumbushwe nini?

3. USINGIZI

Wataalamu wa afya wanasema kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 mpaka 10 kila usiku. Huo si uvivu. Wakati mtu amelala, ubongo wake unapanga na kukaza yale aliyojifunza mchana. Anayesoma usiku kucha bila kulala anafanana na mama anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka: amechoka, amelowa, na pipa halijai.

Tunajua maisha ya mji wetu. Umeme unakatika jioni, unarudi usiku wa manane. Maji ya robine nayo yanakuja saa ambayo watu wamelala, na mtu lazima aamke kuyakinga. Hatuwezi kusema kana kwamba mambo hayo hayapo. Lakini tunaweza kufanya hivi:

Kwanza, tutumie mwanga wa jua, ambao haulipiwi. Anayesoma masomo ya asubuhi na aketi na kaye zake toka saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu. Katika mwezi wa sita jua linazama mapema, kabla ya saa kumi na mbili, tusilipoteze. Anayekwenda shule mchana na afanye kazi yake asubuhi, baada ya kulala vizuri.

Pili, umeme ukirudi usiku wa manane, kijana aliyelala aachwe alale. Mwanga utakuwapo tena kesho.

Tatu, kukinga maji usiku kuwe kwa zamu. Leo baba, kesho yaya, kesho kutwa mwingine. Isiwe kila usiku mtoto yule yule, na hasa isiwe finaliste katika majuma ya mtihani.

Nne, simu ilale mbali na kitanda. Vijana wengi wanasema wanasoma juu ya simu. Tunajua wanachosoma.

4. CHAKULA, MAJI NA UGONJWA

Ubongo ni kiungo kidogo, lakini unatumia kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zote za mwili uliotulia. Mwenye njaa anasoma mstari mmoja mara tatu na hauelewi. Hatuhitaji vyakula vya gharama. Uji wa mahindi wenye unga wa karanga asubuhi, bukari na maharagwe, sombe, ndagala: hivyo ni chakula cha mwanafunzi. Kama nyumbani chakula kinapikwa mara moja tu kwa siku, kiporo kidogo kiwekwe kwa ajili ya asubuhi. Mtoto asiende mtihani akiwa na tumbo tupu.

Kumbukeni Danieli na wenzake katika jumba la mfalme wa Babeli. Hawakuacha kula. Walichagua chakula: mboga na maji. Baada ya siku 10 nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za vijana wengine. Ndivyo lilivyo Neno. Kujitunza si dhambi.

Wako wanafunzi wanaokunywa vidonge ili wasilale, au wanaoonja lutuku ili kuondoa woga. Tunawaambia kwa upendo: acheni. Kidonge kinakopa nguvu za kesho, na pombe inaondoa woga pamoja na akili.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa maana kipindupindu kimekwisha kuingia katika mji huu zaidi ya mara moja. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka choo. Wote walale ndani ya chandarua, na homa ikimshika mwanafunzi, apelekwe siku hiyo hiyo kupimwa malaria. Mtumishi wa Mungu anaweza kuomba juu ya mgonjwa njiani kuelekea hospitali. Maombi hayo yanasikilizwa sawasawa na yale ya nyumbani.

Neno kwa mama zetu: binti aliye katika siku zake asikose masomo kwa sababu ya kukosa kitambaa safi na sabuni. Hilo ni jambo dogo la pesa na kubwa la heshima. Mama amwandalie mapema bila kungoja binti aombe kwa haya.

5. BARIDI NA MBABULA

Hapa tunaomba mtusikilize sana. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1 200 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Hayo ndiyo majira ya mitihani. Basi mwanafunzi anaingiza mbabula yenye makala katika chumba, anafunga mlango na dirisha, anasoma hapo, kisha usingizi unamchukua.

Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, na hawezi kuamka. Hakuna anayemloga, ni hewa ya makala. Mbabula ibaki nje. Ndani ya chumba, mwanafunzi avae nguo mbili, ajifunike blanketi, anywe kitu cha moto. Na mshumaa usiwekwe juu ya kitanda au karibu na nguo na karatasi, bali ndani ya kopo au sahani, na uzimwe kabla ya kulala.

6. NAMNA YA KUSOMA

Saa chache zilizotumika vizuri zinapita saa nyingi za kukodoa macho. Tunatoa njia nne.

a) Kidogo kila siku. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kusahau. Alijipima mwenyewe, akaona kwamba mtu anasahau sehemu kubwa ya aliyojifunza katika saa na siku za kwanza, na kwamba marudio yaliyopangwa mbalimbali yanakaza kumbukumbu kuliko kurundika kazi yote siku moja. Basi somo la leo lirudiwe leo jioni, tena baada ya siku mbili, tena baada ya juma moja, tena baada ya mwezi. Kila mara dakika chache zinatosha.

b) Kufunga kaye na kujiuliza. Wengi wanasoma ukurasa mara tano na kudhani wameujua. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha jambo hili: wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi, juma moja baadaye, kuliko wale waliosoma tu tena na tena. Soma mara moja kwa makini. Funga kaye. Andika juu ya karatasi au juu ya udongo yale unayoyakumbuka. Fungua, sahihisha. Njia hii inachosha zaidi, na ndiyo sababu inafundisha zaidi.

c) Kueleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Mtihani wetu ni wa Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili. Watoto wengi wanakariri maneno ambayo hawaelewi maana yake. Basi mwanafunzi amweleze mama somo la biolojia kwa Kiswahili wakati mama anachambua sombe. Kama mama ameelewa, mtoto naye ameelewa. Akisha kueleza, aliseme tena kwa Kifaransa, polepole, kwa sentensi zake mwenyewe. Danieli naye alijifunza lugha ya Wakaldayo, lugha ya wageni, na Maandiko yanasema malezi hayo yaliwekewa miaka mitatu. Hakuipokea kwa usiku mmoja.

d) Kufanya maswali ya miaka iliyopita. Wanafunzi watatu au wanne wa option moja wakutane mara mbili kwa juma, kila mmoja ajibu peke yake kwanza, halafu walinganishe na kuambiana sababu. Kundi likizidi watano, mazungumzo yanaanza.

Kisha tunaonya juu ya njia ya tano, ile ya giza: kununua majibu, kuficha simu ndani ya nguo, kutoa pesa ili upewe pointi. Anayeuza majibu mara nyingi anauza uongo. Na hata kama ni ya kweli, diploma ya namna hiyo itamwaibisha mwenye nayo siku ya kwanza ya kazi.

7. KWA WAZAZI NA WAZEE

Baba na mama, tunawaomba mambo manne.

La kwanza, mpeni mtoto saa zake. Tunamwona binti anayeamka kabla ya jua, anafagia, anawasha mbabula, anaosha wadogo, anakwenda masomo, anarudi kuuza mezani mpaka giza, kisha anaambiwa asome. Kaka yake amekaa chini ya mwembe. Kazi za nyumbani zigawanywe kati ya wavulana na wasichana. Saa mbili za kaye kila siku ziwe kama saa za ibada: asiitwe, asitumwe.

La pili, mlindeni binti. Mwalimu au mtu yeyote akimdai mwili wake ili ampe pointi, asinyamaze. Na akija kuwaambia, msimwulize kwanza alivaa nini. Nchi yetu ina sheria juu ya makosa hayo tangu tarehe 20 Julai 2006. Mwende kwa wakubwa wa shule, na kwa polisi. Kanisa litasimama pamoja nanyi.

La tatu, msitafute mchawi katika buletini ya pointi. Mtoto akishindwa, tuulize kwanza: alilala saa ngapi? Alikula nini? Alikosa masomo siku ngapi kwa sababu ya kufukuzwa kwa ajili ya pesa za shule? Anaona vizuri ubaoni, au anahitaji miwani? Tunajua nyumba ambamo, baada ya matokeo, lawama iliwekwa juu ya bibi mzee, au juu ya mtoto mdogo wa ndugu aliyekufa. Mtoto huyo anafukuzwa na kulala sokoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaadhibu kwa kifungo na faini mtu anayemshitaki mtoto uchawi. Lakini hata kabla ya sheria, dhamiri inatuhukumu. Mwenye kuona maono katika kanisa na aogope sana kutaja jina la mtoto. Neno moja linalotoka kinywani mwake linaweza kumnyima mtoto kitanda, chakula na shule kwa pamoja.

La nne, msikilizeni kijana anayesema amechoka kuishi. Eliya alisema maneno hayo, naye alikuwa nabii. Malaika hakumpiga, hakumwita mwoga. Kijana akisema hivyo, au akijifungia, akiacha kula, akigawa vitu vyake, msimwache peke yake usiku huo. Kaeni naye, mlisheni, zungumzeni naye bila ukali, na mtafuteni mganga wa hospitali. Mwambieni wazi kwamba nyumbani ni kwake hata kama jina lake halitaonekana kati ya waliofaulu. Mtihani unarudi kila mwaka. Wako hata watu wazima walioacha shule zamani ambao wanaujaribu kama autodidacte na kuushinda. Mtoto hana mwingine wa kumrudisha.

8. TUNALOPENDEKEZA KWA KANISA

Tunaleta mbele ya wazee mapendekezo matatu kwa msimu ujao. Mafinaliste wote wasamehewe mikesha na kufunga toka juma la mwisho kabla ya mtihani mpaka siku ya nne, na wasihesabiwe kuwa wamepoa katika imani. Nyumba ya ibada, ambayo mchana inakaa bure na benchi zake, ifunguliwe toka saa tisa mpaka jua likizama ili wanafunzi wasome humo kwa utulivu, chini ya uangalizi wa mama mmoja na baba mmoja. Na wale kati yetu waliosoma, walimu, waganga, wahasibu, watoe saa moja kwa juma kujibu maswali yao.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anaamka usiku kukinga maji, na mara ngapi kwa juma?
2. Mwanafunzi wetu analala saa ngapi? Tuhesabu pamoja naye, si kwa kukisia.
3. Ni kazi gani tunayoweza kumwondolea mpaka mtihani uishe, na nani ataichukua?
4. Nani katika nyumba atafunga kwa ajili yake, ili yeye ale?
5. Je, kijana wetu anajua kwamba akishindwa hatafukuzwa? Tumemwambia kwa maneno?

Jibuni haya kabla ya Ijumaa. Na Ijumaa hiyo, sisi wakubwa tutakesha kama kawaida, tukiwataja watoto wetu mmoja mmoja kwa jina mbele za Mungu. Wao wawe nyumbani, wamekula, wamelala.

Ni sisi mashemasi wenu.